Ukali wa kuzaliwa na ukali wa kufugwa: pitibuli katika jiji la mawe

Vibao vya "Mbwa Mkali" vipo kwenye mageti ya Isamilo na Capri Point, hapa Mwanza, tangu zamani, na nyuma ya vingi kulikuwa na mbwa wa kienyeji aliyechanganyika kidogo na German Shepherd. Siku hizi anayeulizwa ni pitibuli. Mtu anayejenga Buhongwa, Nyegezi au Igoma anatafuta mtoto wa mbwa huyo kabla ukuta haujapigwa plasta, na jirani yake naye anaanza kuuliza kama ni halali kuweka mnyama wa namna ile kwenye mtaa wenye watoto. Hapo ubishi hugawanyika mara mbili. Wapo wanaosema mbwa huyu ameumbwa kuua, na wapo wanaosema hakuna mbwa mbaya ila mfugaji mbaya. Kila upande una kipande cha ukweli, na vipande vyenyewe havihusu jambo moja. Kuna ukali ambao pitibuli anazaliwa nao, lakini haumlengi yule ambaye wengi wanadhani unamlenga. Na kuna ukali anaopewa na namna anavyofugwa, ambao Mwanza tunautengeneza kwa makusudi.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Pitibuli si aina moja ya mbwa. Uingereza ya zamani watu walikuwa wakimfunga fahali kwenye kigingi na kumwachia mbwa amng'ate pua, huku wengine wakicheza kamari. Mchezo ule ulipigwa marufuku mwaka 1835. Wacheza kamari wakahamia kwenye kupiganisha mbwa kwa mbwa, shughuli inayofichika kirahisi ndani ya chumba, na kwa kazi hiyo wakampandisha bulldog wa enzi zile, mwenye taya pana, na terrier aliye mwepesi na mbishi. Uzao wao ulipofika Marekani, chama cha United Kennel Club kilianza kuusajili mwaka 1898 kwa jina la American Pit Bull Terrier. Chama kingine, American Kennel Club, kiliwakubali mwaka 1936 kama Staffordshire Terrier, jina ambalo mwaka 1972 likaongezewa neno American mbele. Ndugu zao wafupi waliobaki Uingereza, Staffordshire Bull Terrier, walitambuliwa mwaka 1935. Baadaye sana akaja American Bully, mbwa mpana wa kifua ambaye umbo lake kubwa kabisa, XL, linapita kilo 50.

Kwa kipimo cha United Kennel Club, dume la American Pit Bull Terrier lina kilo 16 hadi 27. Hiyo ina maana kwamba lile dume la kilo 45 lenye kichwa kama ndoo, linalotembezwa jioni kando ya ziwa na watu wakaliachia njia, kuna uwezekano mkubwa si pitibuli kwa maana ya kitabuni. Huenda ni American Bully, au mchanganyiko wa Boerboel, lile jibwa la Afrika Kusini, na kitu kingine. Hata wanaoshinda na mbwa hukosea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichukua mbwa 120 kwenye makazi ya mbwa wasio na wenyewe huko Florida, ukalinganisha macho ya wafanyakazi na vipimo vya vinasaba. Ni mbwa 25 tu waliokuwa na damu ya jamii ya pitibuli, lakini wafanyakazi walikuwa wamewapa jina hilo wengi zaidi, zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo muuzaji anapokuambia "huyu pure kabisa" na hana cheti cha usajili cha wazazi, chukulia kwamba unanunua umbo tu. Tabia ya baba na mama itakuambia mengi kuliko jina.

Sasa ukali wa kuzaliwa. Kwenye mapigano ya mbwa, mwenye mbwa alikuwa akiingia uwanjani na mnyama wake na kuwatenganisha kwa mikono, damu zikiwatoka. Mbwa aliyemgeukia mtu katika hali ile alikuwa hasara, na kwa kawaida hakuachwa azae, ingawa mabingwa wachache walisamehewa. Kilichochaguliwa kizazi baada ya kizazi kilikuwa hamu ya kumvaa mbwa mwingine na kutomwachia. Ndiyo maana maelezo rasmi ya United Kennel Club yanasema waziwazi kwamba American Pit Bull Terrier si chaguo zuri la mbwa wa ulinzi, kwa sababu ni mchangamfu mno hata kwa mgeni, na maelezo hayohayo yanakiri kwamba wengi wao wana ukali wa kiasi fulani kwa mbwa wenzao.

Mtu wa Igoma anayemnunua ili wezi waogope asome sentensi hiyo mara mbili. Anachokipata, kama mbwa ni wa asili hiyo kweli, ni mnyama anayeweza kumkaribisha mwizi kwa mkia na kumrarua mbuzi wa jirani. Na mitaa yetu imejaa hao wa kuraruliwa. Mbuzi wanashuka na kupanda kwenye majabali ya Mabatini bila mchungaji, mbwa koko wanazunguka majalalani na kwenye mialo wakisubiri vichwa vya sangara, paka wako kila kona ya soko la Mwaloni Kirumba. Kumtembeza pitibuli katikati ya haya ni kazi ya mtu mzima mwenye mkono wenye nguvu, kamba fupi ya mita moja na nusu hivi, na mkanda usiochomoka kichwani. Kumpa mtoto wa miaka kumi kamba hiyo ni kutafuta kesi.

Jambo la pili linalorithiwa ni namna ya kung'ata. Hakuna kufuli ndani ya taya la pitibuli. Mifupa yake ni kama ya mbwa mwingine yeyote, na hadithi ya meno yanayojifunga haina msingi. Tofauti iko kwenye mazoea: mbwa wengi hung'ata mara moja wakaachia na kurudi nyuma, huyu huelekea kushika, kutikisa na kuendelea. Kinachoharibu nyama na mishipa ni huko kutikisa. Hospitali moja kubwa ya San Antonio, Texas, ilichapisha mwaka 2011 hesabu za majeruhi wake wa mbwa, na walioumwa na pitibuli walikuwa na majeraha mabaya zaidi na hatari kubwa zaidi ya kufa. Mtu anayesema pitibuli ni sawa na mbwa yeyote anaruka jambo hili, na si dogo.

Lakini ukitoka kwenye ubaya wa jeraha ukauliza ni mara ngapi mbwa wa aina fulani hung'ata, takwimu zinaanza kuteleza. Mfano unaotajwa kila mahali ni wa Marekani: watu 238 waliouawa na mbwa kati ya 1979 na 1998, zaidi ya nusu wakihusishwa na mbwa wa jamii ya pitibuli na Rottweiler. Waliokusanya hesabu hiyo wenyewe walionya kwamba haisemi ni aina ipi hatari zaidi, kwa kuwa hakuna anayejua idadi ya mbwa wa kila aina nchini humo. Bila idadi ya wote, huwezi kupata kiwango. Isitoshe, aina ya mbwa mara nyingi ilitoka kwenye magazeti na vinywa vya mashahidi, na tumeshaona macho yanavyodanganya. Utafiti mwingine, wa Denver, uliwakuta German Shepherd na Chow Chow juu kabisa kwenye orodha ya wanaong'ata. Wapenzi wa pitibuli huutaja kwa furaha, wakisahau kwamba Denver ilikuwa imepiga marufuku pitibuli tangu 1989, kabla data hazijakusanywa. Kilicho cha maana zaidi kwetu katika utafiti ule ni kingine: mbwa anayefungwa mnyororo uani alikuwa na uwezekano wa mara 2.8 zaidi wa kuwa mng'ataji.

Kuhusu vinasaba, kazi kubwa iliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, iliyotumia majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, ilikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza asilimia 9 hivi tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Asilimia 9 si sifuri, lakini haitoshi kumtabiri mbwa aliye mbele yako.

Nchi zilizojaribu marufuku zimepata matokeo yaliyochanganyika. Uholanzi ilipiga marufuku pitibuli mwaka 1993 ikaifuta mwaka 2008 baada ya kuona idadi ya wanaoumwa haishuki. Uingereza inayo sheria tangu 1991 na bado kulazwa hospitalini kwa kung'atwa na mbwa kuliongezeka, kutoka watu 6 hivi kwa kila 100,000 mwaka 1998 hadi karibu 15 mwaka 2018. Wakaongeza XL Bully kwenye orodha mwishoni mwa 2023, baada ya vifo kadhaa. Ongezeko hilo halithibitishi kwamba marufuku haina kazi yoyote, maana huenda bila sheria vifo vingekuwa vingi zaidi. Linaonyesha tu kwamba kupiga marufuku aina fulani hakukutosha kupunguza kung'atwa kwa kila siku.

Utafiti wenye faida kubwa kuliko yote kwa mfugaji wa hapa ni ule uliochunguza vifo 256 vya kung'atwa na mbwa Marekani kati ya 2000 na 2009, kimoja kimoja, kwa kuzungumza na polisi na wachunguzi. Uliangalia zaidi mazingira kuliko aina. Katika asilimia 87 hapakuwa na mtu mzima wa kuingilia kati. Katika asilimia 85 aliyeuawa hakuwa na mazoea na yule mbwa. Asilimia 84 ya visa vilihusu mbwa ambao hawajahasiwa. Na asilimia 76 vilihusu mbwa waliowekwa mbali na maisha ya familia, mnyororoni, bandani au nyuma ya uzio, bila kuishi na watu.

Soma hayo ukiwa umekaa Mwanza. Mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa ili asizoee watu na kufunguliwa saa nne usiku. Dume lisilohasiwa ili liwe "dume kweli". Chakula kinachosukumwa kwa ufito chini ya mlango. Mlinzi pekee ndiye anayemjua. Wengine humwekea pilipili kwenye chakula wakiamini inamtia hasira, na inachomtia ni maumivu ya tumbo. Huo ndio ufugaji unaosifiwa kwamba unatoa mbwa mzuri wa getini. Unatoa mbwa mwoga, na mbwa mwoga asiye na pa kukimbilia hung'ata. Mbwa koko akifugwa hivyo atamng'ata muuza maji mguuni na kukimbia. Pitibuli akifugwa hivyo, jeraha litakuwa la aina nyingine kabisa. Hapo ndipo pande mbili za ubishi zinapokutana: ufugaji ndio unaoamua mara ngapi, na umbo na asili vinaamua vibaya kiasi gani. Kwa maoni yetu, mtu anayetaka mbwa wa kufungia bandani asinunue pitibuli hata kidogo.

Anayemtaka kwa kuishi naye aanze mapema. Mtoto wa mbwa asiachishwe mama kabla ya wiki 8, maana ni kwa mama na ndugu zake anajifunza kupunguza nguvu ya meno. Dirisha la kuzoea dunia liko wazi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Katika muda huo anatakiwa aone watoto wakikimbia, bodaboda, mtu mwenye mwamvuli, mwanamke mwenye ndoo kichwani, mbuzi, kuku. Tatizo ni kwamba dirisha hilo linaangukia kipindi ambacho pavo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha, inaua watoto wa mbwa, na wengi huona heri wamfungie ndani. Njia ya katikati ni kumbeba mikononi au kumweka kwenye kikapu barazani aone na kusikia bila kukanyaga ardhi ya mtaani, huku chanjo za pavo na homa ya mbwa zikiendelea kuanzia wiki 6 hadi 8, zikirudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka afike wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka.

Akinguruma, usimpige. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyepigwa kila anaponguruma hujifunza kuacha onyo na kwenda moja kwa moja kwenye meno. Hao ndio wanaosemwa "aliuma bila sababu". Kabla ya kunguruma kuna dalili ndogo: mwili unakakamaa, mdomo unafumbwa ghafla, analamba pua ilhali hakuna chakula, anageuza uso lakini macho yanabaki kwako hadi weupe wa jicho unaonekana. Ukiona mwili umekakamaa mbele ya mtoto, mwondoe mtoto taratibu, bila kupiga kelele. Kukata masikio kwa wembe ili aonekane wa kutisha, zaidi ya kuwa ukatili, kunamnyang'anya chombo kimojawapo cha kutoa onyo.

Uzio ni suala jingine, na Mwanza lina ugumu wake. Kwenye miinuko ya Bugando, Igogo na Mabatini nyumba zimekaa juu ya mawe, ngazi ni za majirani wote, na nguzo haiingii ardhini bila kutoboa jabali na kumimina zege kwenye tundu. Seng'enge ya kuzunguka mawe huacha mianya chini ambayo mbwa wa kilo 20 anapita kwa kutambaa kwa tumbo. Pasipo uwanja unaofungika, pitibuli hapawezi. Penye uwanja, ukuta uwe na urefu wa mita 1.8 angalau, usiwe na matofali au jiwe la kukanyagia kwa ndani, na geti liwe na komeo linalofungwa kwa kufuli, kwa kuwa mbwa hawa hujifunza kusukuma lachi. Nafasi chini ya geti isipite sentimita 5, la sivyo pua itatoka na mkono wa mtoto utaingia. Bora zaidi ni mageti mawili, la nje na la ndani, ili anayegonga akifunguliwa asiwe tayari yuko na mbwa.

Kama lazima afungwe kwa saa kadhaa, mnyororo wa kigingi ndio mbaya kuliko vyote. Vuta waya mnene kati ya nguzo mbili, mita 8 hadi 10, upitishe pete inayoteleza, na kamba ya mbwa ifungwe kwenye pete hiyo kwa kiungo kinachozunguka ili isijisokote. Usiiweke karibu na ukuta: mbwa akiruka upande wa pili atajinyonga. Na awe na kivuli, maana jua la saa saba juu ya jabali tupu linaua.

Akimshika mbwa mwingine, kuvuta ni kosa la kwanza, kwani kila sentimita unayovuta ni nyama inayochanika. Kupiga kwa fimbo humkaza zaidi. Panda mgongoni mwake, mbane kwa miguu katikati ya mbavu na nyonga, shika mkanda wa shingo juu kabisa nyuma ya masikio, nyanyua na usokote hadi pumzi ikate. Ataachia ili avute hewa, na wakati huo unamtoa nyuma. Wafugaji wenye uzoefu huwa na kijiti bapa cha mbao ngumu, sentimita 20 hivi, kilichochongwa kama kabari. Huingizwa pembeni mwa mdomo nyuma ya chonge na kuzungushwa. Kijiti hicho ni cha mbwa wanaoshika na kubaki. Mbwa wa aina nyingine ataachia na kukugeukia wewe.

Kisheria, jirani asisubiri orodha ya aina zilizopigwa marufuku. Kinachoangaliwa ni mwenye mbwa. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe unaoweza kuhatarisha wengine anaacha kuchukua tahadhari dhidi ya mnyama aliye naye. Kwenye madai ya fidia, swali huwa kama mwenye mbwa alijua tabia ya mnyama wake, na hapo kile kibao cha "Mbwa Mkali" kinaweza kugeuka ushahidi wa upande wa pili. Kupiganisha mbwa ni ukatili unaokatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Na kuna jambo ambalo katika ubishi wote huu husahaulika. Ukanda wa Ziwa, anayeua watu wengi si pitibuli, ni virusi. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na Tanzania inakadiriwa kupoteza takriban 1,500. Asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto chini ya miaka 15. Mtaa ukichanja asilimia 70 ya mbwa wake, ugonjwa unakosa njia. Kitoto cha mbwa koko kisichochanjwa ni hatari kuliko pitibuli mwenye kadi ya chanjo.

Kwa hiyo yeyote akikung'ata, hata kama ni mbwa wako, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 ukitazama saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Chanjo ya ndani ya ngozi ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza tangu 2018 hutolewa siku ya 0, 3 na 7, sehemu mbili kila siku. Ya kwenye msuli huendelea hadi kati ya siku ya 14 na ya 28. Kidonda kilichotoboa ngozi kinahitaji pia kingamwili, yaani kinga iliyo tayari, ichomwe kuzungukia kidonda chenyewe, na daktari akichelewa kushona usilalamike, anafanya hivyo kwa sababu. Uliza na sindano ya pepopunda.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama siku 10 na ofisa mifugo wa kata ajulishwe. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, hakuwa na virusi mateni alipong'ata, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akifa au akiuawa kabla, mtu asimshike kwa mikono mitupu, wala kichwa kisipasuliwe kwa panga, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa. Ofisa mifugo ndiye wa kukikata, akifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, akiweke kwenye chombo chenye barafu na kukipeleka kwenye maabara ya veterinari ya kanda, iliyopo hapahapa Mwanza.